HB Ni Sisi Wawili

9 Februari

Bii, mdogo wangu,

Marahaba ya barua yako ya Desemba. Nimepata HB mpya, na safari hii hutaamini ilikotoka.

Binti yangu alipata siku mbili za mapumziko, akatuchukua mimi na mjukuu hadi nyumba moja ya wageni kando ya ziwa. Pale mapokezi nikaona kwenye kadi yetu, mbele ya namba ya chumba, herufi mbili: HB. Nikamwuliza mama wa mapokezi, "Samahani, hii penseli inafanya nini hapa?" Akamtazama binti yangu kwa huruma, kama anayemwuliza huyu mzee ameanza lini.

Kumbe kwao HB ni chumba na milo miwili, ya asubuhi na ya jioni. Cha mchana ujitafutie. Nimeliwaza hilo njia nzima ya kurudi. Ndio ugeni wenyewe huo. Unapewa pa kulala, unalishwa kukicha na kukichwa, lakini jua likiwa utosini huna pako.

Basi tunazo nne sasa. HB ya penseli. HB aliyoipaka baba juu ya mlango wa ofisi yetu ya kuchora nyumba, yaani mimi na wewe. HB ya shemeji Efu kule kwenye vyuma vyake. Na hii ya ziwani. Zamu yako.

Mjukuu aliniuliza kwa nini wewe unaitwa Bii na mimi Eichi. Nikamwonyesha penseli zangu. Nikamwambia kama baba alivyotuambia: H ni ugumu, B ni weusi, ngumu haichafui lakini inachana, nyeusi inaonekana lakini inachafua, na HB ni penseli ya watu waliokaa kikao wakapatana. Akauliza, "Na F?" Nikasema F inakaa kati ya HB na H, hakuna anayejua imefikaje pale, ndiyo maana shemeji alipokuoa tukampa jina hilo. Amecheka sana. Kicheko chake ni chako.

Karatasi yangu ya hifadhi ya ukimbizi imegongwa muhuri tena. Afisa aliuliza swali la kila mara: umewahi kurudi kwenu? Nikasema hapana. Akasema vizuri, maana ukikanyaga kwenu mara moja tu, karatasi hii imekufa, na huku hutaingia tena. Aliongea kwa upole, kama daktari wa meno.

Barua yako naisoma mbele na nyuma. Bado unaandika kwa 2H, ile ngumu, na bado unabonyeza kama unayechonga jiwe. Unakumbuka baba alivyokuwekea kadi ngumu chini ya karatasi ili usitoboe meza? Nikipitisha kidole nyuma ya karatasi nausikia mstari mmoja mmoja. Nikiwa nimezima taa bado nakusoma.

Niandikie. Masikio yamesemaje?

Kaka yako,
Eichi

2 Machi

Kaka, shikamoo.

Masikio yamefunga duka kabisa. Mganga wa masikio alinipigia kelele, nikamwona tu mdomo unafunguka kama samaki. Nikamwambia, "Andika." Akaandika: hakuna la kufanya. Nikamwambia ungeandika tangu mwanzo tusingechoka. Kwa hiyo simu msinipigie, nyie na maendeleo yenu. Barua ndiyo sauti yangu.

Hiyo HB ya milo miwili ni nzuri, nakupa. Lakini yangu inaishinda. Nimeipata hospitali. Nilimsindikiza jirani, wa nyumba ya kona, kupima damu. Kwenye cheti chake imeandikwa Hb, b ndogo, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Muuguzi akaniandikia maana yake: himoglobini, kile kinachoifanya damu iwe nyekundu na kubeba pumzi mwilini. Mtu mzima mwenye afya anapata kumi na mbili na kuendelea. Jirani yetu ana sita. Muuguzi anashangaa amepandaje ngazi. Tumemcheka sana jirani. Basi tunazo tano.

Ofisini mambo ni yale yale. Watu wanachorewa nyumba zao na mashine, lakini bado wapo wanaotaka kumwona mtu ameinama mezani. Nimemchorea mama mmoja nyumba ya vyumba vitatu. Alitaka dirisha la jikoni litazame geti, "nimwone anayekuja kabla hajanusa chakula." Nikamwongezea dirisha.

Ile H ya mlangoni imebanduka zaidi, upande ule unapigwa na mvua. Imebaki B peke yake, watu wanauliza B ni nani. Efu ametaka kuipaka rangi, nimemkatalia. Mwenyewe yupo.

Utaniwia radhi kwa uchafu wa barua hii. Maduka yameishiwa 2H, nimetumia B laini, na ukikunja karatasi maneno yanajipiga chapa upande wa pili. Baba angenifukuza mezani.

Mbusu mjukuu.

Bii

24 Machi

Bii,

Ya tano nimeikubali, na jirani nimemwombea.

Nakutumia kwa posta boksi la 2H. Duka la vifaa vya kuchorea hapa liko chini ya ngazi, giza kama ghala, na mwenye duka ni mzee kuniliko. Anaijaribu kila penseli nyuma ya mkono wake kabla ya kuuza. Kwake nimejiona kijana.

Naomba unijibu upesi kidogo kuliko kawaida. Andika hata mistari miwili. Tena andika kwa penseli yoyote iliyo karibu, na chini ya karatasi usiweke kitu.

Eichi

24 Machi

Shemeji Efu,

Barua hii nimeipeleka kwenye karakana yako, si nyumbani, na najua unaelewa kwa nini.

Nitaongea moja kwa moja. Barua ya mkeo imekuja imeandikwa kwa penseli laini. Anasema 2H zimeisha madukani. Sawa, zinaweza kuisha. Lakini mtu mwenye mkono ule, ukimpa penseli laini, huvunja ncha kila neno la tatu, na mstari wake hunenepa na kuzama. Karatasi hii nimeigeuza, nimepitisha kidole juu hadi chini. Nyuma ni laini kama haijaandikwa. Herufi zote zimekaa juu ya karatasi, hakuna hata moja iliyoingia.

Shemeji, huyo si Bii niliyemwacha. Huyo ni mtu aliyechagua penseli isiyodai nguvu.

Niambie ukweli.

Shemeji yako

15 Aprili

Shemeji, salaam nyingi.

Mimi naandika kwa kalamu ya wino, maana mimi si wa ukoo wenu wa penseli. Nimepata barua yako. Bahati mbaya nimeapishwa. Mke wangu ameniapisha mkono ukiwa juu ya mashine yangu ya kuchomelea kwamba sitakuambia kitu. Kwa hiyo sikuambii. Nitakupa tu habari za nyumbani, kama mtu anavyompa shemeji yake.

Ngazi za ofisi bado ni zile zile. Dada yako siku hizi akizipanda anasimama katikati, anashika ukuta. Anasema anakagua nyufa. Ukuta ule hauna ufa, niliupiga lipu mwenyewe.

Kucha zake zimekuwa nyeupe kama karatasi ya kuchorea. Hiyo si habari ya ugonjwa, ni habari ya rangi.

Jirani wa nyumba ya kona hajambo sana nadhani. Alihama mwaka juzi.

Nilisikia redioni kuhusu mama mmoja ambaye uboho wa mifupa yake umechoka kutengeneza damu. Wanamwongezea damu ya watu, anachangamka, halafu inaisha tena, kama kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mume wake alitoa mpaka wakamkataza. Redioni hawakusema atakaa muda gani. Nilisikiliza mpaka mwisho, hawakusema.

Uliwahi kuniuliza ile HB ya kwetu karakana, kipimo cha ugumu wa chuma. Sijui kama nilikueleza vizuri. Unachukua kigololi kigumu, unakibonyeza kwenye chuma kwa uzito unaojulikana, unakiondoa. Halafu hupimi kigololi, wala hupimi uzito. Unapima shimo lililobaki. Shimo kubwa, chuma laini. Mimi tangu ulipoondoka nimeishi na mwanamke ambaye watu wote wanamwita mgumu. Ila mimi ndiye ninayeliona shimo.

Ukija, usiseme nilikuambia. Usipokuja, usiseme pia.

Efu

6 Mei

Bii, mdogo wangu,

Jirani wa nyumba ya kona alihama. Hakuna aliyeniambia, nimeota.

Usimgombeze mtu. Uliyeniambia ni wewe. Ulidhani barua ina upande mmoja, na miaka yote hii nimekuwa nikisoma pande mbili.

Nakuja. Nimekwenda ubalozi wetu. Niliogopa watanikumbuka, kwamba mimi ndiye niliyekataa kuchora upya mpaka wa kile kiwanja cha watu ili wakubwa wakichukue, nikakimbia. Hakuna anayekumbuka. Binti aliyenihudumia alikuwa hajazaliwa. Alinipa hati ya safari ya kwenda tu, ya kurudi hawana, akanitakia safari njema. Watu wa huku nao nimewauliza. Jibu ni lile lile: nikiondoka, nimejifuta. Nikiomba kuingia tena kama mgeni, watakaa nalo miaka, na mimi miaka ninayo michache.

Binti yangu nimemwambia. Hajakubali bado.

Kiti changu bado kipo?

Eichi

27 Mei

Kaka,

Usije.

Ndiyo, ni mimi. Sita ni yangu. Sasa umejua, na hakuna unachoweza kunifanyia kwa kuwa hapa ambacho Efu hafanyi. Damu yako hawataitaka, umezeeka.

Nisikilize, maana mkono unachoka na sitarudia. Wewe una mtoto mmoja na mjukuu mmoja. Mama wa mtoto huyo umemzika huko huko. Binti yako hana mtu mwingine chini ya jua hilo. Mimi nina mume, nina ofisi, nina watu wanaonikopesha chumvi.

Nikifa uko hapa, utabaki na kaburi langu, na mwanao utamsikia kwenye simu tu. Na nikipona? Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Nikipona utakuwa unaniangalia kila siku mezani, na kila nikiinua macho nitaona unachokikosa. Sitaki kuangaliwa hivyo.

Nilificha kwa sababu nakujua. Ningekuambia, ungekuja. Umejua, unakuja. Kwa hiyo nilifanya sawa.

Usije, kaka. Nimeshika miguu yako.

B

19 Juni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa kaka yako. Uniwie radhi Kiswahili changu cha kuandika, cha kuongea ni kizuri zaidi.

Barua yako ya tarehe ishirini na saba imefika jana. Baba aliondoka wiki iliyopita. Nadhani mmepishana njiani, yeye angani na barua yako chini yake. Nimeifungua. Sikupaswa, lakini nimeifungua.

Alipoanza kuniambia, nilimwambia hapana. Nilimwambia, "Baba, mimi nimekosa nini?" Akasema hujakosa kitu. Nikamwambia, "Basi mbona mimi ndiye ninayeachwa?" Tuliishi hivyo, watu wawili wanaopishana kwenye korido ya nyumba ndogo, mwanangu anatutazama mmoja mmoja. Siku moja nikatoka kazini nikamkuta anajaribu kupiga pasi mashati yake, anayaunguza. Nikamnyang'anya pasi. Nikayapiga yote, nikayakunja. Ndiyo ilikuwa ruhusa yangu, na yeye aliielewa, maana alikwenda chooni akafungua maji muda mrefu.

Ile karatasi ya hifadhi ameiacha mezani, chini ya kikombe changu. Ukiigeuza nyuma mihuri yote inasikika.

Shangazi, umemwandikia mambo ambayo mimi nilitaka kumwambia nikakosa maneno. Umemwambia asije kwa ajili yangu. Sijui nikushukuru au nikuchukie. Leo asubuhi nilikuchukia. Jioni hii nimekaa kwenye kitanda chake na mwanangu ananiuliza babu atarudi lini.

Niandikie tafadhali kama yuko salama. Yeye kwenye simu anasema kila kitu ni kizuri. Kwake kila kitu ni kizuri siku zote.

Binti yako

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Kiswahili chako hakina kosa. Pale uliposema ulinichukia asubuhi, soma tena, umeandika vizuri sana.

Nimechelewa kukujibu, nilingoja mkono upate nguvu. Baba yako amefika. Efu alinishika bega, nikageuka, nikamwona mlangoni amesimama na kibegi kidogo kama mtu wa kusoma mita za maji. Sikufurahi. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe umeniambia ukweli. Nilimwita punguani. Nikamgeuzia mgongo, nikalala nikitazama ukuta, nikasikia, yaani nilihisi kwenye kitanda, kwamba amekaa. Alikaa mpaka nikalala usingizi. Nilipoamka alikuwa amekaa vile vile, ananichongea penseli kwa wembe.

Alikwenda hospitali kujitolea kutoa damu. Muuguzi akamwambia, "Mzee, hiyo unaihitaji mwenyewe." Alirudi amenuna kama mtoto aliyekataliwa kucheza. Lakini akaenda kuwasomba watu. Wateja wa zamani, watu aliowachorea nyumba wakiwa wachumba sasa wana wajukuu. Akagonga milango yao mmoja mmoja. Walikuja. Yule mama wa dirisha la jikoni, nyumba yake imekwisha simama, alimwona kabla hajafika getini, akaleta wanawe watatu. Nimeongezewa. Tena na tena. Juzi wamenipima nikapata kumi. Daktari ameandika kwamba hii si kupona, ni kukopa. Hata hivyo ngazi napanda bila kukagua nyufa.

Kwa hiyo lile nililoliogopa ndilo lililotokea. Mimi nipo, na yeye ananitazama mezani.

Tunakaa kama zamani, yeye kushoto, mimi kulia. Kwa kuwa sisikii, tunaandikiana. Meza moja, barua zinavuka. Ananiuliza, "Chai?" Naandika, "Ndiyo." Lile boksi la penseli alilolituma kwa posta bado halijafika, yeye amefika kabla yake. Mkoba wake ulikuwa na penseli nyingi kuliko nguo.

Nitakuambia anavyoishi, maana yeye hatakuambia. Anakula. Anatania na Efu, wanagombana kuhusu gundi. Ila kabla ya kulala anageuza saa yake ya mkono, anahesabu kwa vidole, ananiandikia, "Sasa mjukuu anatoka shule." Na ile H ya mlangoni haijapakwa. Efu alimletea rangi na ngazi. Nikamwambia baba yako ipake basi, mwenyewe umefika. Akaandika, "Kesho." Kila siku anaandika kesho. Sasa simwulizi tena. Akiipaka, mwanangu, atakuwa amekubali kwamba hatarudi kwako, na mimi sitamharakisha.

Humu ndani nimekunja na barua yake. Alinipa niitie kwenye bahasha. Ameandika kwa HB ili isiwe ngumu wala laini, nadhani. Atakuambia yu mzima, hewa ni nzuri, amenenepa kidogo. Mbele nimesoma mstari mmoja tu.

Nakufundisha jambo moja, na hili ndilo pekee nitakalokuachia, maana ofisi ina deni la paa. Ukipata barua ya mtu wetu, usianze kusoma. Igeuze. Funga macho, pitisha kidole toka juu mpaka chini, polepole. Yangu hii nimeiandika kwa 2H na chini sikuweka kitu. Ipapase. Ukiusikia mstari, mimi nipo. Siku moja utapata ambayo haina kitu nyuma. Usiniandikie kuniuliza. Mwandikie Efu.

Kisha papasa ya baba yako. Mkono wake ni mwepesi, tangu utoto. Baba yetu alikuwa anamwambia bonyeza, wewe, mstari hauumi. Karatasi nzima utaiona laini. Ukifika mstari wa nne kutoka chini, pale alipoandika "mjukuu wangu", simama. Pametoboka.

Shangazi yako,
Bii